Barabara ya mtaa Arusha: kelele za Aprili, bajeti ya Oktoba

Ikifika Aprili, makundi ya WhatsApp ya mitaa ya Arusha hujaa picha za namna moja: bajaji imekwama hadi kwenye ekseli, wanafunzi wamevua viatu wanavuka kwa kushikana mikono, maji yenye tope yanapita katikati ya barabara wakati mtaro uko pembeni, umejaa mchanga. Chini ya picha anatajwa diwani, anatajwa mbunge, anatajwa mkuu wa wilaya. Hasira hiyo ni ya haki na sioni sababu ya kumwambia mtu aipunguze. Ila inatoka mwezi ambao haiwezi kuzaa kitu, na mara nyingi inapiga hodi kwenye mlango usiohusika. Mwezi na mlango ndivyo vinavyofanya mtaa mmoja upate kalavati na mtaa wa jirani ubaki unalalamika miaka nenda rudi.

Tuanze na mwezi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Wakati masika yanatuumiza, bajeti ya mwaka unaofuata iko Dodoma, Bunge linaijadili, na kilichomo kimeshapita mikononi mwa watu wengi huku chini. Vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa kuanzia Oktoba hadi Desemba hivi. Vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile wengi tunayoiita WDC, kisha wataalamu wa halmashauri wanaviingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, kamati za kudumu za madiwani zinavipitia, na mwanzoni mwa mwaka Baraza la Madiwani linapitisha. Baada ya hapo ni mkoa, TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), halafu Bunge. Kitu ambacho hakikuwemo Januari hakina njia rahisi ya kuingia Aprili, hata diwani akiwa upande wenu kwa moyo wote. Anachoweza kuwatafutia mwezi huo ni fedha ya dharura, nayo huenda kwanza palipokatika daraja au ambapo gari la wagonjwa halipiti kabisa.

Kwa hiyo picha za Aprili zipigwe, tena kwa wingi, zitunzwe, na zitolewe Oktoba. Kinachotokea kwa kawaida ni kinyume chake. Juni tope linakauka, Agosti tunalalamikia vumbi, Oktoba kila mtu ana shughuli zake, Novemba vuli inatukumbusha, na Desemba mtu anaandika barua wakati kikao cha kata kimeshakaa na kufunga orodha yake.

Sasa mlango. Wakazi wengi bado wanaamini barabara za mitaa ni mali ya halmashauri na kwamba diwani akitaka greda linakuja. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Wakala huo uko chini ya TAMISEMI, lakini una meneja wake wa wilaya, bajeti yake na mikataba yake na wakandarasi. Diwani ana sauti, maana mpango wa TARURA unajadiliwa na madiwani, ila hana amri. Mtaro wa pembeni ya barabara huenda na barabara yake.

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Ile ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4, ya Namanga, ya kwenda Babati, zote ni zao. Kama kalavati lililo chini ya mojawapo ya barabara hizo linamwaga maji kwenye uwanja wenu, TARURA hatawasaidia na hapaswi kulaumiwa. Bomba likipasuka au majitaka yakifurika, ni mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi. Wasipowasikiliza, malalamiko yanapanda EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Mto unaokula kingo, iwe Themi, Naura au Kijenge, una mwenyewe pia: Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Na kabla hamjaandika kuhusu mto, jiulizeni kwanza nyumba ngapi ziko ndani ya mita 60 za kingo, kwa sababu Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu humo, na jambo la kwanza mtakaloulizwa ni hilo. Halmashauri inabaki na taka, masoko, stendi, vyoo vya umma, machinjio, shule, zahanati na vibali vya ujenzi. Si vichache, lakini barabara haimo.

Arusha ina ugumu wake wa ziada ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Mji umekaa kwenye mteremko wa Meru, na maji yanashuka kutoka kaskazini kwenda kusini. Ukipanda juu kidogo, Ilboru, Kiranyi, Moivo na Sokon II haziko Jiji la Arusha. Ziko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, ambayo iko Wilaya ya Arumeru. Huko juu kila mwaka shamba la migomba linageuka nyumba, bati linaongezeka, uwanja unamwagwa zege au kutandazwa pevingi, na mvua ile ile iliyokuwa ikinywewa na udongo sasa inashuka yote kwa mara moja. Anayeipokea ni mkazi wa kata za chini, ndani ya jiji. Akienda kwa diwani wake anaambiwa maji yanatoka nje ya mipaka, na ni kweli. Wakuu wa wilaya ni wawili, mabaraza mawili, mipango miwili. Ngazi ya kwanza ambapo pande zote zinakaa meza moja ni mkoa. Huko kuna Bodi ya Barabara ya Mkoa, mwenyekiti wake Mkuu wa Mkoa, ambayo TANROADS na TARURA zote hupeleka taarifa na mipango yao. Mtaa wenye tatizo la maji ya juu unapaswa kupeleka nakala ya barua yake kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na useme wazi kwamba chanzo kiko halmashauri nyingine. Bila sentensi hiyo barua itarudishwa ngazi ya wilaya na kufia hapo.

Hatuombi hisani, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuingia ofisini. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Kijana wa bodaboda anayejaza lita mbili kwa siku anachangia barabara hiyo hiyo inayomvunjia shokomzoba. Kodi ya majengo nayo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu Agosti 2021, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Wapangaji wengi ndio wanaoilipa bila kujua.

Ukishajua mlango, jua lugha ya ndani. TARURA hupanga kazi kwa mafungu: matengenezo ya kawaida, matengenezo ya sehemu korofi, matengenezo ya muda maalumu, na madaraja na makalavati. Ya kawaida ni kuchonga kwa greda, kufyeka na kuzibua mitaro. Sehemu korofi ni kurekebisha vipande vilivyoharibika tu, labda mita 80 za mlima unaoteleza, bila kugusa barabara nzima. Ya muda maalumu ni kumwaga changarawe upya barabara yote. Mtaa unaoomba lami ya kilomita mbili hujibiwa kwamba ombi limepokelewa. Mtaa unaoomba sehemu korofi mbili na kalavati moja, zikiwa zimetajwa mahali zilipo, unaomba kitu ambacho meneja anaweza kukiingiza katikati ya kazi nyingine. Sipendi kuwaambia watu waombe kidogo. Lakini kalavati likikaa mahali pake linaweza kuokoa barabara nzima, na lami isiyo na mtaro huchimbika mapema sana.

Jambo lingine linalokwamisha bila watu kujua: kuna barabara za mitaa ambazo hazimo kwenye kanzidata ya TARURA, mfumo unaoitwa DROMAS. Barabara isiyomo humo haipati fedha ya Mfuko wa Barabara, hata ikiwa na nyumba 300. Hii huzikuta sana sehemu zilizojengwa kabla ya kupimwa, ambako njia ilianza kama ya miguu ikapanuliwa na magari ya matofali. Swali la kwanza kabisa ofisini, kabla ya changarawe na kabla ya kalavati, liwe hili: barabara yetu imesajiliwa, na inasomeka kwa jina gani? Mara nyingine imesajiliwa kwa jina ambalo hakuna mkazi anayelijua, na barua zote zilizoandikwa kwa jina la mtaani haziunganishwi nayo.

Tuje barabarani penyewe, maana hapa ndipo wakazi wanadanganyika kwa urahisi zaidi. Chukua barabara ya mita 400, upana mita 5. Changarawe ikishashindiliwa inatakiwa iwe na unene wa sentimita 15. Zidisha: 400 mara 5 mara 0.15 ni mita za ujazo 300. Changarawe ikiwa kwenye lori imelegea, kwa hiyo ongeza karibu theluthi moja, ifike kama 390. Tipa linalobeba mita za ujazo 15 litahitaji safari 26. Sasa wakileta tipa 8 tu, hizo ni mita za ujazo 120 zilizolegea, kama 92 zikishindiliwa, na ukizitandaza kwenye mita 400 unapata unene wa sentimita nne na nusu. Siku ya kwanza itapendeza machoni. Masika ya kwanza itasombwa, na watu watasema changarawe ya Arusha ni mbaya. Mtu mmoja akae kivulini ahesabu tipa kwa kuchora mistari kwenye daftari. Baada ya kazi, chimbeni kishimo kidogo pembeni kwa sururu, simamisheni futi ndani yake, pigeni picha, fukieni na kushindilia tena.

Kushindilia kwenyewe kunataka maji. Rola likipita juu ya changarawe kavu linafanya kelele bila kubana kitu, na ukitembea juu yake kesho kokoto zinacheza chini ya kiatu. Boza la maji lazima litangulie. Ukiona greda na rola viko kazini na boza halipo, hapo ndipo pa kumwuliza msimamizi, kwa heshima, kabla hawajaondoka. Mkandarasi akishaondoka na mitambo yake, kumrudisha ni kazi ya miezi.

Halafu mgongo. Barabara ya changarawe lazima iwe juu katikati na ishuke pande zote mbili, asilimia 4 hadi 6. Kwa barabara ya mita 5, kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 2.5, na asilimia 5 ya hapo ni sentimita 12 na nusu. Kupima ni rahisi: funga kamba kutoka mgongoni, ivute hadi ukingoni, iwekee pima maji ikae sawa, kisha pima umbali kutoka kwenye kamba hadi ardhini. Ikiwa ni sentimita 3 au 4, maji yatalala barabarani, yatapenya, na matairi yatafanya kazi iliyobaki. Barabara nyingi za mitaa zilizochongwa mara nyingi bila kuongezwa changarawe zimekuwa chini kuliko viwanja vya pembeni. Zimegeuka mtaro. Greda likipita tena hapo linachimba zaidi. Dawa yake ni kuinua kwanza kwa kifusi.

Mitaro yenyewe inauliwa na sisi wakazi kuliko mtu mwingine yeyote, na hili lazima lisemwe bila kuoneana aibu. Kila mwenye geti anahitaji kivuko cha gari. Anaweka bomba la milimita 300 kwa sababu ni la bei nafuu, wakati mtaro unaohudumia barabara nzima ulihitaji bomba la 600. Watu hudhani 300 ni nusu ya 600. Kwa kubeba maji ni chini ya robo, kwa kuwa nafasi ya ndani inapungua kwa pande zote mbili. Tawi la mti likikwama mdomoni mwa bomba hilo, na kiroba kimoja cha taka kikifuata, maji yanapanda juu ya kivuko, yanaingia barabarani, na yanachimba mpaka geti linalofuata. Mwenye kivuko hadhuriki. Anayeumia yuko nyumba tatu chini yake.

Kivuko kizuri hakihitaji bomba. Acha mtaro na upana wake wote, jenga kuta mbili za mawe pembeni, kisha funika kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa pembeni: urefu mita 1, upana sentimita 50, unene sentimita 12, nondo za milimita 12 zikiwa karibu na uso wa chini, na vishikio viwili vya nondo juu. Kipande kimoja kina uzito wa kilo 140 na kitu, watu wanne wanakiinua, wanazoa mchanga, wanakirudisha. Kwa gari dogo kinatosha. Lori la mchanga likipita kila siku, unene uongezwe. Zege lililomwagwa palepale kipande kizima haliinuliki, na mtaro uliozibwa chini yake hauzibuki mpaka livunjwe.

Kwenye mteremko mkali, na Arusha ni mji wa miteremko, kuna kasoro nyingine. Mtaro wa udongo unachimbika hadi unafikia kina cha mtu, nguzo ya umeme inaanza kuning'inia, ukuta wa jirani unapasuka. Hapo panatakiwa vizuizi vidogo vya mawe ndani ya mtaro vya kuvunja kasi, vilivyopangwa karibu karibu kadiri mteremko unavyokaza, na mifereji ya kuchepusha maji kila yanapopata pa kwenda. Mifereji hiyo ya kuchepusha ndiyo ya kwanza kupotea mji unapojaa, kwa kuwa kila mwenye kiwanja anaiziba isiingie kwake. Wakati wa kupima viwanja, nafasi ya maji inatakiwa ichorwe kwenye ramani kama inavyochorwa barabara. Mitaa inayofanya urasimishaji wa makazi sasa iliangalie hili mapema, kabla ramani haijapitishwa.

Kalavati la kukatisha barabara nalo lina vipimo vyake. Bomba lilalie mteremko wa angalau asilimia 2. Likiwa na urefu wa mita 7, upande wa kutokea uwe chini kwa sentimita 14. Likilazwa sawa, mchanga unajaa ndani msimu wa kwanza. Juu yake pawe na karibu nusu mita au zaidi ya kifusi kilichoshindiliwa, vinginevyo tipa likipita juu, bomba linapasuka. Na kila upande lijengwe ukuta wa mawe. Kalavati lisilo na ukuta wa kutokea linajichimbia shimo lake lenyewe hadi linakatika.

Kuna malalamiko ya mitaro ya mabomba ambayo yanazunguka ofisi tatu bila kupata mwenyewe. Mamlaka ya maji inapitisha bomba, inakata barabara, inafukia. Miezi miwili baadaye pale palipofukiwa panazama na kuwa tuta la kinyume. Sababu ni moja karibu kila mara: udongo ulirudishwa wote kwa mkupuo na kupigwa juu tu. Kufukia kunafanywa kwa tabaka za sentimita 15, kila moja inalowanishwa na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Aliyekata ndiye anayepaswa kurudisha barabara kama alivyoikuta, na anatakiwa awe na kibali cha kukata. Mtaa ukiona wachimbaji, mwenyekiti aombe kuona kibali hicho na apige picha ya barabara kabla haijaguswa. Picha ya kabla ndiyo inayomaliza ubishi.

Barua sasa. Kupokelewa barua hakulipiwi, na barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Inaanzia kwenye mkutano wa mtaa, maana ofisi inataka kuona kwamba ni jambo la wakazi. Muhtasari wa mkutano uandikwe, uwe na tarehe, azimio, na karatasi ya mahudhurio yenye saini. Kisha barua iseme jina la barabara kama lilivyo kwenye kumbukumbu, inapoanzia na inapoishia, urefu na upana uliopimwa, na sehemu korofi kwa umbali: "kutoka njia panda ya shule, mita 120 hadi 200, upande wa kulia maji hukatisha barabara kwa kukosa kalavati." Taja nani anaitumia: shule yenye wanafunzi wangapi, zahanati, soko, njia ya daladala. Ambatanisha picha mbili za sehemu moja, ya masika na ya kiangazi. Mwisho omba kitu kimoja au viwili kwa jina la fungu lake: matengenezo ya sehemu korofi, kalavati moja la milimita 900. Sitaji 900 kwa kujikweza. Bomba la ukubwa huo mtu anaweza kuingia na kulisafisha, la 600 ni shida.

Barua iende kwa Meneja wa TARURA wa Wilaya, nakala kwa Diwani, Mtendaji wa Kata na Mkurugenzi. Chapisheni mbili za kila moja. Moja inabaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi nayo. Barua isiyo na muhuri ni kama haijawahi kuandikwa. Mtu akihamishwa kituo, hakuna anayeikumbuka. Baada ya hapo, mnapokutana na diwani, swali libadilike. Mkimwuliza, "Mheshimiwa, barabara yetu lini?" jibu ni lile la siku zote, "Ipo kwenye mpango." Mwulizeni: "Mheshimiwa, imeingia kwenye mpango wa mwaka gani wa fedha, fungu gani, na kwa mita ngapi?" Hapo atalazimika kwenda kuuliza naye, na diwani mzuri atawashukuru kwa swali hilo kwa sababu linampa la kusimamia kwenye kikao.

Kuhusu taka nitasema kwa ufupi. Huo ni wajibu wa halmashauri moja kwa moja kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, hata kama kazi amepewa kikundi au mzabuni. Tozo imewekwa kwa sheria ndogo, na kila malipo yana risiti ya mashine au namba ya malipo ya serikali. Asiye na risiti asipewe. Mtaa uombe kuona vipengele viwili vya mkataba wa mzoaji: siku za kupita, na adhabu asipopita. Bila hivyo viwili kila lawama inaishia kwenye ubovu wa gari. Lakini gari nalo linaelemewa na vitu visivyostahili kupanda humo. Udongo wa kufagia uwanja na majivu ni vizito mno; vikichanganywa na maganda yaliyolowa, gari linajaa kwa uzito kabla ya nusu ya mtaa, na safari ya kwenda dampo la Muriet inaliwa na mafuta. Udongo na majivu vibaki shambani au chini ya miti. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga ni chakula cha mifugo au mboji. Ukitoa hivyo, kiroba cha wiki kinabaki chepesi na gari linafika mwisho wa mtaa. Moshi imesifika kwa usafi miaka mingi, na mtu akienda kutembea pale aangalie jinsi taka zinavyotolewa nje siku ya gari tu, si siku nne kabla, mbwa wakapata nafasi ya kuzichana.

Mradi ukishapatikana, kazi ya wakazi haijaisha. Bango la mradi linatakiwa lionyeshe mkandarasi, msimamizi, gharama, chanzo cha fedha, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Lipigwe picha siku ya kwanza, kwa sababu mabango huanguka. Baada ya makabidhiano kuna kipindi cha matazamio, kwa kawaida miezi 6 hadi 12 kutegemea mkataba, ambapo sehemu ya fedha ya mkandarasi huzuiliwa mpaka arekebishe kasoro. Hii ndiyo nguvu kubwa mliyo nayo na ndiyo inayopotezwa zaidi. Ufa kwenye ukuta wa kalavati ukiripotiwa kwa maandishi mwezi wa nne baada ya makabidhiano, atarudi kuurekebisha kwa gharama zake. Ukiripotiwa mwezi wa kumi na tano, ni ombi jipya linalosubiri bajeti mpya.

Mkinyimwa taarifa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ombi linaandikwa, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Ombeni kitu mahususi: makadirio ya kazi ya barabara fulani, mwaka fulani, au muhtasari wa kikao kilichoijadili. Vikao vya kawaida vya Baraza la Madiwani hufanyika kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, ingawa viti vya wananchi huwa vitupu. Taarifa ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu serikali za mitaa huwekwa hadharani kila mwaka ikishawasilishwa bungeni, karibu na Aprili; tafuteni jina la halmashauri yenu na msome kurasa zake. Penye harufu ya rushwa, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Mafaili haya yote, muhtasari, barua zenye muhuri, picha za bango, daftari la tipa, yasikae kwa mwenyekiti peke yake. Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulikuwa Novemba 2024, na wenyeviti hubadilika kila baada ya miaka 5, wengine wakiondoka na makabrasha yote. Nakala moja iwe ofisi ya mtendaji, nyingine kwa mama au mzee wa mtaa ambaye kila mtu anajua hahami, na picha zote zipakiwe mahali ambapo watu watatu wana neno la siri. Mkutano wa mtaa wa mwezi wa tisa ndio wa kuzitoa mezani, ili mwezi wa kumi barua iwe imeshagongwa muhuri.